Aliyejifunika Koti

Bwana Raval aliangukiwa na kesi ile kwa sababu moja tu: alikuwa mahakamani siku hiyo. Wakili wa kwanza aliyefikiriwa na msajili alikuwa ng'ambo kwa likizo. Wa pili alisingizia homa. Raval alikuwa amekuja kuulizia mgogoro wa mpaka wa shamba, akasikia jina lake likiitwa, akasogea mbele, akakabidhiwa jalada la mtu aliyeshtakiwa kuua.

Ndivyo mambo yalivyokwenda Nakuru miaka ile ya hali ya hatari. Mwenye mali alijitafutia wakili mwenyewe. Asiye na kitu alijitetea kwa mdomo wake, isipokuwa shitaka likiwa la kunyongwa. Hapo serikali ilimtafutia mtu wa kumsemea, na mtu huyo mara nyingi alipatikana kwa namna ya kumkamata kuku: aliye karibu ndiye aliyeshikwa. Raval alikuwa mtu mwema na msomi wa hati za ardhi, lakini hakuwa amewahi kumtetea mtu ambaye kesi ikimshinda anatiwa kitanzi. Alirudi ofisini kwake nyuma ya soko akiwa amekunja uso, akaliweka jalada mbele ya karani wake, Dalmas Odero.

"Dalmas, wewe ulikuwa polisi," alisema. "Soma hii. Jaji anakuja wiki ijayo."

Dalmas alikuwa amefanya kazi ya upelelezi Gilgil kabla ya kuvua sare na kushika kalamu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu wa maneno, na hakuna kitu kilichomuudhi kama ushahidi uliokusanywa kwa haraka. Alisoma jalada lote akiwa amesimama.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kwenye shamba moja la Mzungu juu ya Gilgil, mtu aitwaye Wanyoike, aliyekuwa akipima maua ya pareto kwenye banda la kukaushia, alikutwa amepigwa kichwani, amekufa. Mkewe ndiye aliyemkuta na kupiga mayowe. Nyapara Kipsang na wanawake wachumaji walikuwa wameshapimiwa maua yao na Wanyoike huyo huyo muda mfupi kabla, wakateremka hadi kwenye tangi la maji kunawa. Waliposikia mayowe walipanda mbio kuelekea bandani. Kwenye njia panda, karibu na banda, walikutana ana kwa ana na mkamuaji wa ng'ombe, Wasike. Wasike alipowaona alitupa debe la maziwa, akajifunika koti kichwani, akaingia kwenye mahindi. Walimfuata wakamkamata. Juma lililotangulia alikuwa amegombana na marehemu mbele za watu, akimlaumu kwamba anampunja mke wake yeye Wasike kwenye mizani.

"Ugomvi, mahali, na kukimbia," alisema Raval. "Ugomvi ninaweza kuueleza. Kila mtu hugombana na mpimaji. Mahali pia, kwa sababu ni njia yake ya kazini. Lakini kukimbia? Mtu asiye na kosa anakimbia nini?"

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Mbele ya hakimu alisema hana la kusema. Mimi nimepita jela kumwona leo hii. Alinitazama kama mimi ndiye nitakayemnyonga."

Kesho yake Dalmas alikwenda jela. Wasike aliletwa akiwa na pingu, kijana mpana wa mabega, macho yakiwa chini. Alikuwa Mbukusu kutoka upande wa Kimilili, amekuja Bonde la Ufa kutafuta kazi.

"Mimi ni karani wa wakili wako," alisema Dalmas.

"Sina wakili."

"Yule Mhindi aliyekuja jana."

"Huyo si wangu. Huyo ni wa serikali." Wasike aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Serikali inanishtaki. Serikali inamlipa jaji. Sasa serikali inanipa wakili wa bure. Wewe karani, kama ni wewe umefungwa hapa, ungemwambia mambo ya moyoni mwako?"

Dalmas aliona swali ni la haki. Alivuta kiti akakaa.

"Ningemuuliza anajua nini," alisema. "Basi niulize mimi. Najua hii: wiki ijayo utasimama kizimbani. Ukinyamaza, ile habari ya kukimbia itakunyonga. Ulimuua Wanyoike?"

"Hapana."

"Ulikuwa unatoka wapi?"

"Stesheni. Nilipeleka maziwa ya treni, nikawa narudi na debe tupu."

"Nani alikuona njiani?"

Wasike aligeuza uso ukutani. Alikaa hivyo kwa muda, na Dalmas, aliyewahoji watu wengi, aliona kwamba kimya kile si cha mtu anayetunga uwongo. Kilikuwa cha mtu anayezuia jambo lisitoke.

"Hakuna," alisema Wasike.

"Na ulikimbia nini?"

"Nilikuwa na sababu yangu."

"Sababu gani?"

"Ya nyumbani. Hiyo si ya kortini, mzee. Niache."

Dalmas alitoka pale akiwa na wazo, na lilikuwa wazo baya. Alidhani Wasike alikuwa amebeba kitu ndani ya debe, labda bangi, labda maziwa ya wizi, na ndiyo maana alilitupa. Alipoteza asubuhi nzima akifuata jambo hilo. Askari aliyeliokota debe aliapa kwamba lilikuwa tupu, limesuuzwa. Mpagazi wa stesheni naye alicheka alipoulizwa: madebe huachwa jukwaani, treni huyachukua, nani ana nafasi ya kukumbuka sura za wakamuaji? Kwa hiyo Dalmas alipanda lori la mboga hadi shambani, akamwomba nyapara Kipsang amtembeze njia ile ile.

Kipsang alikuwa mtu wa makamo, mwenye kofia ya kijeshi na sauti ya kuamrisha ng'ombe. Walianzia kwenye tangi. Kutoka pale mteremko wote wa malisho ulikuwa wazi, nyasi fupi hadi chini kwenye reli, na mbali kabisa mlima Longonot ulikuwa umekaa kimya upeoni. Walipanda hadi njia panda. Mkono mmoja ilikuja njia ya stesheni ikitokea malishoni, mkono mwingine lilikuwa banda.

"Hapa," alisema Kipsang. "Tulikuwa tunakimbia, ghafla huyu hapa. Akatuona. Debe, pwaa! Koti kichwani. Akaingia ndani ya mahindi."

"Alikuwa anatoka upande wa banda?"

"Sasa angetoka wapi ingine?"

"Ulimwona akitoka bandani?"

Kipsang alikuna shingo. "Nilimwona akiwa hapa."

"Nionyeshe mlipomkamatia."

Mahindi yalikuwa yameshavunwa, yamebaki mabua tu. Kipsang aliingia shambani hatua chache, akasimama. Dalmas alingoja aendelee. Hakuendelea.

"Hapo?"

"Hapa hapa."

"Karibu hivyo? Hata jasho halijamtoka?"

"Alikuwa amechuchumaa. Ametupa mgongo, koti juu ya kichwa, amenyamaza tu. Nilipomshika bega hakupigana. Alisema, 'Ngojeni wapite kwanza.' Nikasema huyu anataka wenzetu wapite ili atoroke."

Dalmas aliingia kwenye mabua, akachuchumaa mahali pale akiwa ameipa njia mgongo. Mtu aliyetoka kuua, mwenye miguu mizima na shamba refu mbele yake, asingekaa hapa. Na kujifunika uso kulikuwa na faida gani kwa mtu ambaye kila mmoja pale alimjua kwa jina? Alikuwa hajifichi asijulikane. Alijifunika ili asione, na asionwe na mtu fulani. Dalmas aliitambua hali ile, kwa sababu yeye mwenyewe, Mjaluo mwenye mke na wakwe, aliwahi kusafiri kutoka Kisumu hadi Nakuru akiwa amesimama nje ya mlango wa behewa, mvua ikimpiga, kwa sababu ndani alikuwa ameketi mama mzazi wa mkewe Awuor.

Alisimama akajipangusa magoti.

"Wanawake waliokuwa na wewe ni kina nani?"

Kipsang aliwataja kama walivyoandikwa kwenye jalada. Wa mwisho alikuwa Nabalayo, mke wa Wasike.

"Nabalayo alikuwa anachuma pareto siku hiyo?"

"Ndiyo."

"Una hakika?"

"Nimesema ndiyo!" alifoka Kipsang, na kwa mara ya kwanza hakumtazama Dalmas usoni.

Nyumba ya Wasike ilikuwa ya mwisho kwenye kambi ya wafanyakazi. Nabalayo alikuwa mlangoni akimnyonyesha mtoto. Alimkaribisha Dalmas kwa kigoda, akamwuliza habari za mumewe kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu. Dalmas alimjibu kwa upole, kisha akamsifu mtoto.

"Alizaliwa lini huyu?"

"Wiki ile ya mambo ya Wanyoike. Baba yake alimshika siku mbili tu, halafu wakamchukua."

"Na siku Wanyoike alipouawa, wewe ulikuwa shambani umeinama unachuma maua?"

Mtoto aliachia ziwa, akaanza kulia, na Nabalayo hakumtuliza.

"Mama," alisema Dalmas, "sikuja kukufukuzisha kazi. Nani alichuma kwa kikapu chako?"

"Ukisema, Kipsang atafukuzwa. Alituonea huruma. Ukikosa kuchuma wanakutoa, na nyumba wanachukua. Mgeni naye haruhusiwi kulala shambani bila ruhusa ya Bwana. Kipsang alisema, aje tu, mimi nitamwita Nabalayo." Alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Alikuja kunisaidia kujifungua. Mama yangu."

"Amerudi Kimilili?"

"Angerudi aniache na nani? Analala kwa jirani pale. Hii ni nyumba ya mkwe wake, hawezi kulala ndani. Hata sasa mwenyewe yuko jela, mama haingii."

Waliomjua walimwita Mama Khaemba. Dalmas alimkuta nyuma ya nyumba ya jirani akichambua mboga, mwanamke mfupi mwenye mvi, leso ameifunga vizuri. Hakushtuka. Alikuwa kama mtu aliyengoja kuulizwa kwa muda mrefu, akashangaa kwamba haji mtu.

"Polisi hawakukuuliza, mama?"

"Walimwuliza Kipsang, naye akatujibia sote. Halafu kwao mimi sikuwepo. Mimi nilikuwa Nabalayo."

"Siku ile ulimwona mkwe wako?"

Alichambua majani mawili matatu kabla ya kujibu.

"Baba, wewe una mama mkwe?"

"Ninaye."

"Basi unajua. Mtu usiyetakiwa kukutana naye, huyo ndiye unamchunga njia yote. Tangu nifike hapa sikutoka bila kujua yeye yuko wapi. Akienda zizini mimi naenda kisimani. Akirudi, mimi najificha." Aliweka sahani chini. "Siku ile Wanyoike alinipimia maua, akanitania kwamba Nabalayo amezeeka ghafla. Alijua. Tukateremka tangini. Wenzangu walinawa, wakapiga soga. Mimi nilikaa kuangalia malisho, kwa maana nilijua ni wakati wake wa kurudi. Nikamwona anaacha stesheni na debe lake. Nikasema, akifika kwa ile miti nitainuka niende zangu."

"Na akafika?"

"Alikuwa bado. Mayowe yakatoka kule juu. Kila mtu akakimbia, yeye kutoka malishoni na mimi kutoka tangini, akili ikanitoka. Nikasahau. Tulipofika njia panda, uso kwa uso!" Alijifunika mdomo kwa leso, na aibu ya siku ile ikamrudia kana kwamba ni jana. "Alijificha kwa sababu yangu. Kijana wa watu ana adabu. Ni mimi nilisahau adabu, na yeye ndiye amefungwa."

Kwa Dalmas kesi ilikuwa imekwisha. Wanyoike alikuwa hai alipompimia mama huyu, na tangu hapo hadi mayowe, Wasike alikuwa malishoni, peupe, chini ya macho ya mtu mmoja ambaye hakuweza kuyaondoa. Aliyemuua Wanyoike bado alikuwa anatembea, na hiyo ingekuwa kazi nyingine. Lakini si Wasike.

"Utayasema haya mbele ya jaji?"

"Yeye atakuwa hapo?"

"Atakuwa kizimbani. Sheria inataka awepo."

"Basi siwezi. Nisimame mbele ya mkwe wangu, watu wote wakitazama, niseme kwamba nilikuwa namwangalia? Hata kwetu hawatanipokea. Yeye mwenyewe atanichukia mpaka afe."

"Mama," alisema Dalmas, "ili akuchukie ni lazima awe hai."

Mama Khaemba aliinamisha kichwa. Kutoka nyumba ya pili mtoto alikuwa bado analia.

Raval alisikiliza yote akiwa amevua miwani. Alikuwa mtu wa nyumba yenye wakwe, hakuhitaji kufafanuliwa sana.

"Lakini jaji ni Mwingereza," alisema. "Nikimwambia mtu alikimbia kwa sababu ya mama mkwe, atacheka. Na mwendesha mashtaka atasema tumeitunga hadithi jana."

"Kuna wale wazee watatu wanaokaa na jaji kumshauri."

"Wanashauri tu. Jaji anaweza kuwapuuza." Raval alivaa miwani yake tena. "Wasike tumwambie kwamba mama anakuja?"

Hilo ndilo lililomnyima Dalmas raha tangu Gilgil. Kuambiwa kulikuwa haki ya Wasike. Lakini Dalmas alijua angejibu nini: angekataa, angesema yeye ndiye muuaji, mradi mama yule asisimamishwe mbele yake.

"Tusimwambie," alisema. "Dhambi yake nitaibeba mimi."

Siku ya kesi chumba kilijaa. Jaji alikaa juu na joho lake, wazee watatu kando yake, na mezani, pamoja na debe, lilikunjwa lile koti kama kielelezo. Kipsang alitoa ushahidi wake kwa sauti kubwa, akaonyesha kwa mikono yake jinsi koti lilivyopanda kichwani. Mwendesha mashtaka alimrudisha hapo mara kwa mara. Alijifunika uso? Ndiyo. Alipowaona tu? Ndiyo. Kisha Kipsang akaruhusiwa kukaa miongoni mwa watu. Wasike alisimama kizimbani na shati la jela, akisikiliza kama mtu anayesomewa habari za mwingine.

Zamu ya utetezi ilipofika Raval aliinuka.

"Namwita shahidi wangu."

Mlango wa kando ulifunguliwa. Mama Khaemba aliingia, leso imevutwa hadi kwenye nyusi, macho sakafuni, nyuma yake askari wa mahakama.

Kizimbani kulisikika kishindo. Wasike alikuwa ameanguka chini, amewapa watu mgongo, na kwa kuwa koti lake lilikuwa mezani, alilivuta shati lake juu kwa mikono yenye pingu hadi likararuka begani, akajifunika kichwa. Askari wawili walimrukia wakidhani anatoroka. Hakuwa anakwenda popote. Alichuchumaa kwenye pembe, amejikunja, na kutoka ndani ya shati ilitoka sauti yake: "Ngojeni apite kwanza!"

Watu waliinuka. Katikati yao Kipsang alikuwa amesimama mdomo wazi, kofia mkononi.

"Ndivyo hivyo!" alisema, akisahau kwamba hakuulizwa. "Siku ile alifanya hivyo hivyo!"

Jaji aligonga meza. Alimtazama mtu aliyejikunja, akamtazama mwanamke aliyekuwa amegeukia ukuta, akalitazama koti. Akauliza jambo kwa Kiingereza. Mkalimani alisita, hajui aanzie wapi.

"Jaji anauliza," alisema, "mshtakiwa anamwogopa mama huyu?"

Mzee mkubwa kati ya wale watatu, ambaye asubuhi nzima hakuwa amefungua kinywa, alikuwa ameinamisha macho yake kwa heshima, na wenzake pia.

"Mwambie hapana," alisema. "Huyu ni mama mkwe wake. Anamheshimu."

Mkalimani akatafsiri. Jaji aliandika kitu, akakifikiria, kisha akaamuru askari wamwachie mshtakiwa akae kama alivyo, na shahidi asimame anakotaka yeye mwenyewe. Mama Khaemba aliapa akiwa ameuelekea ukuta. Kule kizimbani mabega ya Wasike yalikuwa yakitikisika; alikuwa analia, na Dalmas, aliyemfanyia jambo lile, hakuweza kumtazama.

"Mama," alisema Raval taratibu, "siku hiyo, tangu mlipotoka bandani hadi mayowe, mkwe wako alikuwa wapi?"

Mama Khaemba aliishika leso yake kwa mikono miwili. Alichelewa hata mkalimani akadhani hakusikia swali, akataka kulirudia. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, na hadi ndani ya shati lile, maneno ambayo mwanamke wa kwao hasemi:

"Nilimtazama njia nzima. Sikumwondolea macho."